Mume Wangu Alilipia Kuwinda Pofu, Akarudi Mikono Mitupu, Sasa Anataka Kurudi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijatamka neno nitakaloshindwa kulirudisha mdomoni. Nauza maharage sokoni hapa Sumbawanga, na mume wangu Edwin ni seremala, mtu mpole, hanywi, hana makuu, lakini mwaka jana tulipouza mahindi alichukua fedha tulizoweka za kuezeka jiko akailipa kampuni inayoongoza watu kwenda kuwinda pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe, huko chini bondeni Rukwa, pamoja na kibali na gari na kiongozi mmoja anaitwa Masanja, na hakwenda peke yake, alikwenda na kaka yake Stanley wa Msanzi, ambaye tangu wamzike baba yao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya maksai wa marehemu, na nilipomuuliza inakuwaje uingie porini na mtu mwenye bunduki ambaye hamsalimiani, akanijibu kwamba bei ya watu wawili ina nafuu.

Basi nikaazima sufuria kubwa kwa jirani yangu Valeria, nikanunua na chumvi, maana pofu mmoja ni nyama ya ukoo mzima. Wakarudi na vumbi, hata pembe hawana. Akasema, "Tulimwona, mama Jenifa. Alisimama mbele yetu kama ng'ombe wa nyumbani." Nikamuuliza mbona hamkumpiga.

"Stanley alikohoa," akasema, kisha akacheka mpaka akakaa chini, na mshauri, sijawahi kumwona mwanamume huyu akicheka vile tangu anioe. Sufuria nikairudisha. Valeria alipouliza nilimwambia sufuria haikutosha.

Tangu hapo Stanley anapiga simu kila jioni, wanasimuliana kikohozi kilekile, na mimi mvua zote nimepikia chini ya turubai, na sasa mahindi yameuzwa tena na Edwin ameniambia kwa upole wake kwamba kaka anauliza kama watarudi bondeni. Je, safari hiyo ina thamani ya fedha zetu, au nimkatalie?

Mama Jenifa, Katandala

Marahaba, mama Jenifa, na pole kwa turubai.

Kwa upande wa nyama, safari ile ni hasara tupu. Kiongozi hulipwa akuonyeshe nyayo, lakini pofu hajatia sahihi popote. Kwa fedha hizo mngechinja ng'ombe, mkala mkasaza, na sufuria ya watu ingepata kazi.

Lakini jiko umenieleza kwa kirefu, na ndugu wawili umewapita mbio kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Isome tena barua yako. Watu waliogombana msibani sasa hakuna anayelala bila kusikia sauti ya mwenzake. Wazee wa ukoo walikaa vikao vingapi kwa ajili hiyo, na vilizaa nini? Mumeo alikosa maneno ya kumwambia kaka yake, akalipia mahali pa kukaa naye bila kusema. Ni njia ya gharama. Wanaume wengi hawana hata hiyo.

Haimsafishi. Fedha ya nyumba haiondoki bila mwenye jiko kukubali, na hilo umwambie waziwazi, akiwa ameshakula, bila kumtaja Stanley kwa ubaya. Nawe acha kuhesabu nyama ambayo haikuja. Kinachokuuma ni kwamba alichekea huko na wewe hukuwepo, na hilo pia mwambie. Hatalijua kwa kuangalia sahani.

Mwaka huu mahindi yanaezeka jiko, hakuna mjadala. Boriti ya paa haishikwi na mtu mmoja, kwa hiyo fundi wa pili atoke Msanzi. Wakipanda juu waache wasimuliane watakavyo, wewe peleka chai, kaa chini nao, uulize huyo mnyama alikuwa mkubwa kiasi gani. Bonde litawangoja msimu mwingine, kwa fedha watakazodunduliza wenyewe na wewe ukiwa umekubali.

Usimwachie Edwin kupanga hilo. Shemeji yako mpigie wewe, leo jioni, kabla hajapiga yeye.