Mwani wa mama umekuwa mweupe

Jumamosi, 9 Februari 2008

Joto la kaskazi leo halina adabu. Nshaoga mara mbili na shingo bado inanata. Mwanangu Rukia amelala sakafuni, mkeka kausukuma, eti sakafu ndiyo yenye baridi. Mtoto wa miaka minne ananishinda akili.

Asubuhi tulikuwa Paje kwa mama. Bahari ilikuwa imekauka mpaka mbali, nikamfuata kwenye shamba lake la mwani, zile kamba na vigingi vyake, palepale anapolima tangu mimi niko skuli ya msingi.

Maji yalikuwa ya moto.

Si uvuguvugu. Moto, kama yale ya kumkandia mzazi aliyetoka kujifungua. Na mwani umekuwa mweupe, umelegea, ukiugusa unakukatikia mkononi.

Nnakumbuka tulivyokuwa tukiingia asubuhi na mapema, meno yanagongana. Mwani ulikuwa mnene, mama anaubeba kichwani huku unamchuruzikia mgongoni. Mimi nliinama kuhesabu viti vya pweza mchangani, vile vyenye mikono mitano kama nyota, naye akinipigia kelele: "Nimekuleta ufunge mwani au uhesabu viti?" Wanawake wote wakicheka. Sare yangu ya kwanza ya skuli ilitoka kwenye kamba zile.

Nakiri, nilipoolewa mjini nilishukuru kuachana na mwani, harufu yake na muwasho wake. Leo niliutamani hata huo muwasho.

Mama alikuwa anang'oa vigingi. Kimoja kimoja.

"Mara nne nshafunga mbegu mpya hapahapa," akasema. "Nlidhani nafunga vibaya. Mikono imezeeka."

"Si mikono yako, mama. Ni maji."

Hayo niliyasikia kazini. Nasafisha ukumbi mmoja karibu na Forodhani, na mwezi uliopita palikuwa na mkutano wa mambo ya bahari. Mimi na mwenzangu Salma tulisimama mlangoni na ndoo zetu tukaangalia picha. Ilikuwa bahari ya barafu, huko mwisho wa dunia, chini kabisa kwenye giza. Nlidhani patakuwa patupu. Kumbe pamejaa! Masponji makubwa kama mapipa, na viti vya pweza, vilevile kama vya kwetu. Bibi aliyekuwa akieleza alisema viumbe wale wamezoea baridi tangu na tangu. Maji yakipata joto kidogo tu wanadhoofika, na hawana pahala penye baridi zaidi pa kuhamia. Akasema bahari yetu nayo inapata joto, ila mwani unaweza kupona ukipelekwa kwenye kina, maji yalipo na baridi zaidi.

Sikulala vizuri siku ile. Wale wa barafuni hawana pa kukimbilia.

Mwani wa mama unapo.

Nikamwambia. Akanitazama juu mpaka chini. "Kina? Maji ya shingo yale! Unajua kuogelea wewe?"

"Sijui."

"Na umezaliwa Paje!"

"Na wewe jee?"

"Mie nlifundishwa kupika."

Tukacheka. Ndivyo tulivyolelewa. Kaka zetu walitupwa majini wangali wadogo. Sisi tulifundishwa kurudi nyuma maji yakifika kiunoni. Mama kaishi umri wake wote baharini na hajui kuelea.

Nusu ya vigingi ilikuwa bado imesimama. Akaviangalia, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Navipa mpaka bamvua lijalo," akasema. "Mkipatikana wa kuingia kinani na mimi, tunahamisha. Peke yangu siingii, nang'oa vyote na shamba basi."

Bamvua lijalo, maji yatakapokauka tena mpaka mbali kama leo, ni wiki mbili tu.

Jioni nilimpigia simu Salma, nikamwomba anifundishe. Yeye ni mtu wa Tumbatu, na baba yake alimfundisha kuogelea, bibi yake akilalamika. Alinicheka mpaka salio likamwisha mtu, yaani mimi. Akapiga yeye: "Kesho maji yakijaa, njoo. Vaa suruali, na hilo baibui lako liache nyumbani, litakuzamisha."

"Nije na Rukia?"

"Mlete. Yeye ndiye atakayeelewa haraka."

Naogopa, sifichi. Nikifumba macho naona maji yananifika kidevuni. Lakini nshatoa suruali mbili nimezikunja juu ya kiti, moja yangu, na moja fupi ya Rukia.