Kabula, Kifaransa Kilikupeleka Wapi

Kabula, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mimi nasema, jirani yangu Mama Kulwa anaandika. Ataiweka barua hii mtandaoni, kila mtu aione. Anayekujua huko Kongo akusomee.

Nakukumbuka ule msimu ulipoambiwa bila Kifaransa hupati kazi kwenye migodi ya huko. Tulikuwa hapa uani Samuye tunakata viazi vitamu vya michembe, vya kuanika juani. Baba yako alipopata dhahabu Geita alikupeleka shule za Kiingereza ungali mdogo, mpaka hata ndoto ukawa unaota kwa Kiingereza. Kifaransa kikakuliza.

"Bibi, kwa Kiingereza neno la kwenda halisumbui. Niende mimi, uende wewe, ni lile lile. Hawa wanaligeuza kwa kila mtu."

"Na sisi? Ninakwenda, unakwenda, tunakwenda. Kichwa chako kimehamia wapi?"

"Sisi tunageuza mbele, Bibi. Wao wanageuza mkia."

"Basi shika huo mkia. Kata kiazi."

Nikakuwekea sheria: kila mtu na kipande chake. Mimi, kipande. Wewe, kipande. Yule, kipande. Ukikosea, kipande kinakwenda kwa mbuzi. Yule mbuzi alinenepa, Kabula. Ukifika kwenye "sisi" kisu kinasimama, unanitazama kama mtu aliyefiwa. Nakutukana, nakufuta kamasi kwa khanga yangu, tunaanza upya. Michembe ilipokauka, maneno yalikuwa yamekuingia. Ukaenda.

Mwanzo ulikuwa unapiga simu, ukicheka, ukiniamkia kwa Kifaransa makusudi nikugombeze. Kisha mara chache. Sasa tumevuna tena na tena, na simu yako haipatikani. Waliorudi kutoka huko, mmoja anasema kuna shimo lilifukia watu, mwingine anasema hajui. Nikikata viazi najikuta nayataja yale maneno yako, sijui hata nasema nini. Uani pamekuwa pabaya.

Wazee wa ukoo wamekaa. Wanataka tukuwekee matanga bila mwili, tunyoe nywele, yaishe. Baba yako alikuja kuniambia mwenyewe.

"Mama, nimechoka kusubiri."

Amekonda. Nilimpa uji, akanywa, nikamwambia sikubali. Alilia mbele yangu, mtu mzima yule.

Kama uko hai na umetuchoka, sema hivyo. Nitakutukana, kisha nitalala usingizi. Kama umefanya la aibu, rudi nalo. Kama una mwanaume anayekukataza kupiga simu, iba simu yake.

Pamba ikishauzwa watanyoa. Nimewaambia nitawapikia ugali, maana wageni wana njaa, lakini wembe usisogee kichwani kwangu. Watakaa wote vipara, mimi katikati yao na mvi zangu, waseme nimerukwa na akili.

Ni mimi bibi yako, ambaye hajakuzika.