Silinda ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo Mama Mikate kaleta gari lake gereji. Halina nguvu, anasema — kilima kidogo tu linaomba msamaha. Na likisimama bila kuzimwa, linatetemeka lote.

Kila mtu akaacha kazi yake. Sikio kafika! Ndivyo wanavyoniita hapa, Sikio. Naweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, nafumba macho, kisha naitaja silinda inayougua. Watu hutoka mbali kwa hilo tu.

Nikaweka. Nikafumba macho. Nikasikia nini? Ngurumo nzito tu, kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia. Silinda zote nne mlio mmoja!

Nikakohoa. Nikasema nitalisikiliza tena likishapoa. Hakuna aliyecheka. Sikio la kushoto lilishaniaga zamani, hilo nilijua. Sasa na la kulia? Mungu wangu.

Nyumbani mke wangu kahamisha kiti chake, siku hizi anakaa upande wangu wa kulia. Eti ule upande mwingine una upepo. Upepo gani, na dirisha limefungwa!

Jumanne, 5 Machi

Shemeji yangu — mdogo wa mke wangu, tuko naye gereji moja — ana geji ya kupimia kompresheni. Unatoa plagi, unafunga geji kwenye tundu, unapiga starta, mshale unakuonyesha silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Nimeicheka geji hiyo tangu aliponunua. Nimeiita kipimajoto cha watoto.

Alipokwenda kula, nikaichukua kwenye sanduku lake. Nimeazima, sijaiba!

Nikapima peke yangu, nimesimama mbele, starta naipiga kwa waya, jicho moja liko getini. Zote nne ziko chini! Ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, lakini zote ziko chini. Basi injini imechoka. Imekwisha.

Nikamwambia Mama Mikate. Hakubisha — angebishana vipi na Sikio? Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza kama nina hakika. Nikasema injini imejisemea yenyewe. Huyu mama anaoka nyumbani, anasambaza madukani kwa gari hilo hilo. Hana lingine. Akasema kuna mtu wa vyuma chakavu, atamwita alichukue Jumamosi.

Sina raha kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Mteja kanisemesha kwa nyuma, nikampita kama simjui. Wanasema Sikio siku hizi anaringa. Bora waseme naringa.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji alikuwa anapima gari jingine kwa ile geji yake. Kamkalisha mwenye gari kwenye usukani, anamfokea: kanyaga mafuta mpaka chini! Usiachie!

Nikajifanya nauliza kwa utani tu. Na akiachia je? Akageuka, akanitazama usoni.

“Shemeji, hewa isipoingia, injini itabana nini? Hata mpya utadhani imekufa.”

Mimi sikukanyaga kitu. Ningekanyaga na nini, kichwa changu kilikuwa ndani ya boneti!

Ijumaa, 8 Machi

Nimewahi gereji kabla ya wote, nikaiazima tena ile geji. Nikaibana pedali ya mafuta kwa ubao, nikapima upya. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya nne nzima! Ya tatu peke yake ndiyo iko chini. Nikaitia oili kidogo tunduni, nikapima tena. Kama ni ringi za pistoni zimelika, oili ingeziba na mshale ungepanda. Haukupanda. Basi ni valvu haifungi vizuri. Valvu! Kazi ya kawaida kabisa. Na mimi nimeshalizika gari la watu likiwa zima.

Nikamwandikia ujumbe Mama Mikate: usiuze kwanza. Sikueleza zaidi. Nieleze nini? Naweza kusema nimelisikiliza tena vizuri, nikasikia ni ya tatu. Ataamini. Gereji nzima itaamini, na sifa watanipa juu. Halafu Jumatatu wataniletea jingine nilisikilize.

Nikisema kweli, nani tena ataniita Sikio? Hicho ndicho ninachokiogopa. Nakiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu.

Jioni. Niko mezani na kalamu. Hajajibu kwa maandishi — si mtu wa kuandika yule, mikono haimtoki kwenye unga. Anapiga. Naiona simu inavyowaka na kusogea mezani. Siisikii. Hata nikiipokea nitapata mvumo mtupu. Wiki zote hizi nimekuwa nikisingizia mtandao.

Imekata. Mtu wa vyuma anakuja kesho asubuhi!

Anapiga tena.

Mke wangu katoka jikoni, anajifuta mikono. Haulizi mbona sipokei. Kazunguka meza, kakaa kwenye kile kiti chake cha upande wangu wa kulia, kaisogeza simu kwake. Kaniinamia karibu kabisa na sikio, anasema polepole, neno moja moja.

“Naipokea mimi. Nimwambie nini?”