Mstari Niliounyoosha

Jumatatu, 3 Machi

Tofauti: jambo lililomo katika toleo moja la programu, halimo katika jingine, nalo likabadilisha matokeo. Lisiloyabadilisha ni mwonekano tu. Nimeanza hivi ili nisijidanganye.

Muuguzi mkuu amekuja juu asubuhi — watoto 341 hawamo kwenye orodha ya chanjo! Programu yetu ndiyo huunganisha madaftari ya kliniki na rejista kuu. Toleo la Januari liliwaona. La Februari haliwaoni. Programu ni ya Kimya, mwenzangu. Mkuu wa kitengo ameshahukumu: Ijumaa ajieleze au aondoke. Mimi nilinganishe matoleo.

Jumanne, 4 Machi

Tofauti 212! Programu hii huundwa kwa kuchora visanduku na mistari ya kuviunganisha, na karibu zote ni visanduku vilivyosogezwa kwenye mchoro. Mwonekano. Nikazifuta kwenye orodha yangu.

Kimya akachungulia, akacheka. Dada, hapa ulipita wewe. Hata nukta ukiikuta imelala utaiamsha. Kweli. Alipokwenda likizo Februari aliniachia akaunti yake nimshikie kazi, nami nikaunyoosha mchoro. Ulikuwa kama utumbo wa kuku.

Jumatano, 5 Machi

Zimebaki tatu. Mbili ni majina ya mafaili. Ya tatu ni kiungo, mstari unaounganisha daftari na rejista. Januari: chukua wote. Februari: chukua wanaolingana tu. Mtoto asiye na namba ya cheti cha kuzaliwa halingani na yeyote — anadondoka kimyakimya.

Imehifadhiwa tarehe 12 Februari, kwa akaunti ya Kimya. Nikamwambia mkuu kwamba siku hiyo Kimya alikuwa likizo. Akanicheka: kwani kompyuta nayo ilikwenda likizo, bibie?

Nikarudi mezani bila kumwambia kwamba akaunti ilikuwa kwangu. Kwa nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kwenye nakala ya toleo la Januari. Nikang'oa mstari wa kiungo uliopinda, nikauchora upya, umenyooka. Sikugusa kingine. Kiungo kikajirudisha chenyewe kwenye chaguo linalowekwa kila mstari mpya unapochorwa: wanaolingana tu.

Mara nne. Mara zote nne.

Nimerekebisha. Muuguzi amepata watoto wake wote. Ripoti bado.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu kasoro dakika tano. Ripoti ina ukurasa mmoja: tofauti moja, tarehe, akaunti. Hakuna neno la uongo. Mkuu amepita — jina tu, bibie, tusipoteze muda.

Kimya amefika. Amevaa tai! Haijakaa sawa, na vidole vyangu vinawasha kuinyoosha. Dada, umenipatia mwizi wangu?

Mlango umefunguliwa. Kalamu ninayo, na nafasi ya jina kwenye ripoti bado ni tupu. Mkono ulionyoosha mstari bila kukusudia lingine lolote — kwa kipimo changu mwenyewe cha Jumatatu, ni mwonekano, au ni tofauti?