Sanduku la Chuma Kwenye Korido

Kware, Nairobi

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua bado ipo? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimeshika kalamu kwa sababu kila Jumapili tukipigiana simu ya video, uso wangu unaganda kisha tunakatika. Dada Nafula ameniambia unalalamika eti nakukata makusudi kila ukiniuliza kama bado niko kiwandani. Maneno hayo yaliniuma, Mama.

Sasa nikueleze. Waifai yetu tunaitumia watu wa nyumba tatu, na mashine yake iko kwenye korido. Hapa Kware ukiacha hata kandambili mlangoni huzikuti, kwa hivyo nilichomelea sanduku la chuma nene, nikaifungia humo kwa kufuli, ufunguo nikabaki nao mimi. Wiki hiyohiyo mtandao ukaanza kujikokota.

Nikajua tu kuna mkono wa mtu. Na nani kama si jirani yangu Mama Njeri wa nyumba ya tatu, anayeuza chapati pale chini ya ngazi? Mbona wateja wake wanakaa sana, macho kwenye simu? Nikabadilisha nywila mara tatu. Nikawa nasimama mlangoni kwake nikisikiliza kama anacheza video. Hata chapati zake nikaacha kununua, na unajua ninavyozipenda. Mwishowe nikamwambia mbele ya watu kwamba anagawa mtandao wetu. Aliendelea kusukuma chapati.

Tukaita fundi, binti mmoja wa Makongeni. Alipoona lile sanduku alicheka mpaka akashika ukuta.

"Buda, hakuna mtu anakuibia. Signal haipiti kwa chuma. Ni wewe umeifunga jela!"

Akaitoa mashine, akaiweka juu karibu na dari, katikati ya milango yetu, akaihamishia kwenye chaneli ambayo majirani wengi hawaitumii. Papo hapo ikashika mpaka jikoni kwangu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba Mama Njeri msamaha mbele ya walewale watu. Chapati ananiuzia, ila mpaka leo hanisalimii kwanza. Nami, kusema kweli, bado kila asubuhi nakagua orodha ya simu zilizounganishwa.

Nisalimie Baba, dada yangu Nafula, na mjomba Barasa anayetutunzia ng'ombe.

Jumapili nitakupigia, na safari hii uniulize lile swali lako, hatutakatika. Ila ile siku ya Pasaka tulipokatika, Mama, hata sanduku nilikuwa sijalitengeneza. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikukata mwenyewe. Kiwandani walikuwa wameshatusimamisha kazi, na sanduku hilo nililichomelea kando ya barabara, ninakofanya vibarua sasa.

Ni mimi mwanao, usinichoke,
Wekesa