Ndoo Jikoni kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Nimeosha ndoo mara tatu. Maji moto, kisha ule unga wa kuua vijidudu, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa. Mkebe nimeuweka kwenye sufuria ya maji moto robo saa ili shira iliyomo ilainike. Ni shira ya kimea cha shayiri, nyeusi, nzito kuliko asali. Nimeimimina, nikaongeza sukari kilo moja, nikakoroga, nikajaza maji hadi lita ishirini na tatu. Haidromita, ambayo hupima sukari iliyobaki na hushuka pombe ikiiva: 1034. Joto: nyuzi 22. Hamira juu saa nne na dakika kumi asubuhi. Kifuniko. Kidude cha kutolea hewa nimekitia maji hadi katikati.

Vifaa vyote aliniachia yule mwalimu Mzungu wa kemia alipomaliza mkataba. Karatasi yake inasema bia nyepesi, siku saba hadi kumi. Nitaifuata neno kwa neno. Shule imefungwa, watoto wako kwa mama yangu, maabara ninayoitunza haina kazi.

Ndoo iko jiko la nje, nyuma ya gunia la makaa. Kupika pombe nyumbani ni kosa, na hapa Shieywe watu wana pua.

Mke wangu Rodah ametazama, akasema, "Pombe ya mkebe! Kweli Wazungu ni wavivu." Hakucheka. Hatujacheka sana humu ndani tangu Machi.

Jumanne, 2 Agosti

Inapumua. Mapovu kumi na manne kwa dakika, nimehesabu mara tatu. Nimechora mstari nje ya ndoo pale bia ilipofika. Rodah ameniona na kalamu mkononi.

"Hata hiyo?"

Anazijua alama zangu. Chupa ya mafuta ya taa. Kopo la sukari. Napenda kujua kitu kimepungua lini na kwa kiasi gani, basi. Lakini Machi nilivuka mpaka. Nilimfuata hadi mazoezi ya kwaya, nikasimama nyuma ya ukuta wa kanisa saa nzima. Walikuwa wakiimba tu. Mtu akamwambia. Rodah alisema bila kupandisha sauti kwamba nikimshuku bure tena atarudi kwao Likuyani. Alisema mara moja. Yeye harudii neno.

Kwa hiyo sishuku bila ushahidi. Nimejiwekea sheria hiyo.

Alhamisi, 4 Agosti

Mama mkwe amefika kutoka Likuyani bila taarifa. Jicho la kushoto limeingia ukungu, anatakiwa hospitali kesho na tena Jumanne. Amekuja na kuku mmoja hai na kiroba alichokikumbatia. Nilimwambia Rodah ampokee mzigo. Alikataa kukiachia. Kina nini?

Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hilo halina mjadala. Hatushikani mikono, hatukai chumba kimoja. Nilimwamkia nikiwa uani, uso pembeni, naye akaitikia akitazama ukuta. Rodah amemtandikia jikoni.

Jikoni kwenye ndoo yangu.

Siwezi kuingia akiwa humo. Nimemtuma Rodah akahesabu mapovu. Amerudi akasema, "Yako."

Mangapi?

"Yako, Baba Tina. Mengi. Enda ukahesabu mwenyewe."

Anajua siwezi.

Ijumaa, 5 Agosti

Wameenda hospitali saa mbili. Saa mbili na dakika tano nilikuwa jikoni. Mapovu sita kwa dakika. Haidromita 1016. Bia iko kwenye mstari. Harufu ya mkate. Kila kitu kama karatasi inavyosema.

Kiroba kimefungwa na kuwekwa chini ya mkeka, upande wa kichwani. Sikukigusa. Nilisimama tu nikakitazama kitambo.

Jumamosi, 6 Agosti

Mvua tangu saa nane. Wawili hao jikoni, mlango umerudishwa. Wanaongea kwa sauti ya chini. Nimepita mara mbili kwenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Mara zote mbili walinyamaza.

Mama mkwe amesomesha watoto watano kwa kuuza busaa, pombe ya nafaka. Hakuna mtu ninayemfahamu ajuaye pombe kuliko yeye. Akitaka kuiharibu, anajua pa kugusa. Na hakuwahi kunitaka. Alitaka Rodah aolewe na yule mtu wa kijijini kwao mwenye trekta.

Jioni Rodah amepiga pasi gauni la bluu na kulikunja. Safari gani?

Jumapili, 7 Agosti

Wameenda kanisani. Nimebaki, nimesema tumbo.

Mapovu yamekoma. Haidromita 1008. Karatasi inasema ni sawa, hatua inayofuata ni kusubiri kipimo kisimame siku mbili, kisha chupa. Imetulia, inaanza kung'aa juu. Nzuri sana. Nimejivunia peke yangu, jikoni kwa mama mkwe, nikiwa na soksi ili nisiache nyayo.

Kabla ya kutoka nimefunga uzi mweusi kuzunguka kifuniko. Fundo moja, upande wa ukutani. Atakayefungua lazima aufungue.

Jumatatu, 8 Agosti

Mama mkwe hajatoka kutwa nzima. Jicho linauma. Sijaingia.

Rodah ameniuliza kwa nini natembea uani kama askari jela. Nimeendelea kutembea.

Jumanne, 9 Agosti

Wameondoka saa mbili na nusu.

Uzi upo. Fundo si langu. Langu lilikuwa moja, hili ni mawili, na liko upande wa mlango.

Mapovu ishirini na mawili kwa dakika. Bia iliyokuwa imelala inachemka. Imepanda juu ya mstari upana wa kidole. Povu la kahawia limefika kwenye kifuniko. Haidromita 1014. Kipimo hakipandi chenyewe! Nimerudia mara nne. 1014.

Mtu ametia kitu.

Nimechota kidogo kwenye chupa ya maabara nikaifunga. Kiroba hakiko chini ya mkeka. Nimepekua jiko lote. Hakipo.

Watu hufa kwa kikombe kilichotiwa sumu. Kila mtu hapa anaye mtu wa ukoo aliyekufa hivyo, au aliyesemekana kufa hivyo. Siamini mambo hayo. Lakini 1014.

Wamerudi saa tisa. Rodah amenipa chai. Nimesubiri anywe kwanza.

Ameona.

Jumatano, 10 Agosti

Nimeomba ufunguo kwa mlinzi, nimeingia maabara. Matone matatu ya ayodini kwenye kile nilichochota. Imegeuka buluu, halafu nyeusi.

Wanga. Bia ya shira haina wanga. Ni unga. Mtu ametia unga ndani ya bia yangu, na unga unaweza kubeba chochote. Chochote ambacho ayodini haikionyeshi.

Kwa hiyo ninao ushahidi. Nimekaa kwenye kigoda cha maabara nikijiambia ninao ushahidi. Wa unga. Wa nani aliyeutia, sina.

Mama mkwe siwezi kumuuliza. Nitaanzaje? Nisimame wapi? Hatujawahi kusemezana zaidi ya salamu kwa miaka kumi na mmoja. Anabaki Rodah.

Alhamisi, 11 Agosti

Nimevunja sheria yangu.

Saa kumi nilimwambia Rodah achote kikombe kimoja kwenye ndoo akilete uani. Alichota. Nilimwambia anywe. Kwetu sote, kwao na kwetu, mwenye kupika ndiye huonja kwanza, ili wageni waone ni safi. Lakini aliyepika ni mimi. Alielewa papo hapo.

"Ninywe nini?"

"Unywe ulichotia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka kikombe juu ya kinu taratibu, akasema, "Machi ilikuwa kwaya. Sasa ni sumu. Umepanda cheo, Baba Tina."

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Mama mkwe alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, shuka kichwani. Hakusema nami. Alisema na kuku, yule aliyemleta, aliyefungwa mguu kwenye nguzo.

"Wewe kuku, sikiza. Ambia mwenye hii nyumba ni mimi niliwekanga unga. Ambia yeye pombe yake ilinyamaza Jumapili, na pombe ikinyamaza mapema hivyo imekufa. Ya kwetu ikikufa tunaipatianga kimera. Mimi niliona huruma. Mtu mzima amehangaika na ndoo yake wiki mzima, halafu wageni waje wapate maji? Ningemwambiaje? Nina mdomo wa kuambia mkwe? Kuku, niambie."

Kimera. Unga wa wimbi (ulezi) lililooteshwa na kukaushwa. Ndicho kilichokuwa kwenye kiroba. Alikileta apikiwe uji wake, hakuamini wimbi la mjini. Alinitilia vikombe viwili, akakoroga kwa mwiko safi, akaufunga uzi tena kwa sababu alidhani ni sehemu ya dawa ya Kizungu.

Kisha alitoka kinyumenyume, uso ukutani, akapapasa hadi kwenye kinu, akachukua kile kikombe akanywa chote. Akapangusa mdomo. "Kuku, ambia mwenye nyumba inakuja vizuri. Angojee siku mbili."

Hakuna aliyecheka. Siku nyingine tungecheka hadi majirani waje.

Nilimwambia Rodah sikujua. Alisema, "Hukuuliza. Ungeniuliza 'Rodah, ni nani ameweka unga?' ningekuambia. Nilimwona akiweka. Hiyo tu. Swali moja." Ametandika jikoni kwa mama yake.

Ijumaa, 12 Agosti

Wameondoka kwenda Likuyani saa moja asubuhi. Gauni la bluu alikuwa amelivaa. Lile nililoliwazia tangu Jumamosi lilikuwa la kumpeleka mama hospitali Jumanne, ndivyo alivyosema nilipouliza. Niliuliza kwa kuchelewa.

Mama mkwe alikuwa amefungwa bendeji jichoni. Aliniaga kupitia kwa kuku, kisha akamwacha kuku.

Rodah hakusema atarudi lini. Hakusema hatarudi. Nilibeba mizigo hadi stendi nikitembea hatua kumi nyuma yao, kwa adabu. Watu wangedhani nawafuatilia.

Jumapili, 14 Agosti

Mapovu hayapo. Haidromita 1009. Chini kuna tope la wimbi, juu ni safi kiasi. Nimeonja. Si bia ya karatasi ile wala si busaa. Ina uchachu wa busaa nyuma ya ulimi na wepesi wa bia mbele. Ni nzuri. Nisingeweza kuipata kwa kufuata maelezo.

Nilitaka kumwambia mtu. Nimezunguka nyumba.

Jumatano, 17 Agosti

Nimepiga simu Likuyani kupitia duka la pale sokoni, kuuliza Rodah atarudi lini. Mwenye duka amesema Rodah ameambiwa, amesema ataona.

Ataona nini? Yuko na nani? Trekta ile bado iko kijijini. Nimeandika hayo nikayasoma. Hivi ndivyo nilivyo. Nimeyaacha yabaki ili niyaone.

Jumamosi, 20 Agosti

Nimekwenda kwa baba mdogo. Mwanamume hamfuati mkewe kwao peke yake, lazima aende na mkubwa wa kumsemea, na wote wawili wakalishwe nje hadi waulizwe kilichowaleta. Hapo mwenye kosa hulitaja mwenyewe mbele ya wazee wa kule, na mbele ya mama mkwe aliyeko nyuma ya mlango.

Baba mdogo alikuwa akipukuchua mahindi. Aliuliza kosa lenyewe ni lipi. Nilianza na kipimo, nikafika kwenye ayodini. Aliinua mkono. "Hayo ya maabara waachie wanafunzi. Kosa."

Nilisema nilimshuku mke wangu kwamba anataka kuniua, na yeye hakuwa amefanya lolote.

Alipukuchua gunzi lote mpaka likaisha. Kisha akasema twende Jumanne, na nivae viatu visivyo na tope.

Jumatatu, 22 Agosti

Tunaondoka kesho saa kumi na mbili. Nimeandika nitakayosema kule. Zilikuwa kurasa mbili. Nimepunguza hadi ukurasa, hadi mistari mitano, hadi mmoja. Mmoja unatosha. Hauelezi sababu.

Sijui Rodah atatoka nje kuusikia au la. Nimejaribu kukisia, nikaacha.

Nimefua shati jeupe. Wingu linakuja upande wa msitu. Naenda kulianua shati.