Usitume ekrani ya pili

Furaha, mutoto wa dada yangu,

Sasa hivi Amani amefinya tena ile buto yenye inahamisha ekrani yetu moja kutoka ordinatere yangu, kompyuta ya kazi, kwenda ile uliacha huku, yenye baba Amani anatumikia, na foto yako ikatokea. Anaipiga busu, analalamika juu ya dada yake: "Mama, Ya Furaha hajibu!" Tuko muzuri wote, meno yake mawili ya utoto yameng'oka.

Uliuliza kama utume ekrani ya pili na klavie ya kuandikia, mimi na baba Amani tuache kungojana. Aksanti, mama. Lakini mimi na mama yako tulisomaka na viatu vya pamoja: yeye asubuhi, mimi kisha midi, saa sita. Tulikutana kwa barabara ya Munigi, anavivua, anacheka: "Usivikimbize, vimechoka!" Nilivivaa vingali na joto ya miguu yake. Siku kila mutu alipata vyake, nilicheza. Kisha nikaona hatukutani tena njiani.

Ekrani zikiwa mbili, baba Amani atapeleka ordinatere yako ku chumba yake ya kazi, na Amani hatakutana na weye tena. Kuja weye mwenyewe. Mimi pia, buto ikilia, ninaacha vyombo nakimbia kuangalia foto yako.

Baba Amani anaita, mboga ya sombe inaungua. Nakuja, nakuja! Lakini Furaha, siku utapiga hodi, mimi nitaiacha iungue.